Sanduku la Joto la Susu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemkanda Susu, nyanya yangu, mikono tena. Kitambaa, maji ya moto, chumvi kidogo. Kidole kimoja kimoja, kuanzia gumba. Baridi ya Agosti hapa Mitaboni huingia hadi kwenye mifupa. Leo ukungu ulikaa mlimani hadi jua likakata tamaa. Susu hakutoka jikoni.

Kiondo kinaning'inia bado kwenye msumari. Kimefika nusu. Kila mjukuu husukiwa na Susu kikapu chake cha mkonge, na changu ndicho kilichokwama. Kiondo chenyewe si kitu. Kinachoniuma ni kwamba Susu hutazama msumari ule, halafu hutazama vidole vyake, halafu huanza kuzungumza kuhusu kuku.

Habari kubwa ni hii. Shangazi Ndinda, dada yake Baba, alipiga simu kutoka Ujerumani. Huko ni muuguzi. Anataka kumnunulia Susu sauna ya nyumbani. Si ile ya mawe na mvuke. Ni kachumba ka mbao kenye paneli za infraredi ukutani. Mtu anaketi ndani, joto linamfikia mwilini, viungo vinalegea kidogo. Amesema wazi kwamba haiponyi. Inapunguza maumivu tu kwa watu wengine. Yeye anayo yake.

Kisha akasema nichague mimi. Si Baba wala Anko Kimeu. Mimi.

"Wewe ndiye pekee katika boma hilo unayesoma maagizo hadi mwisho," akasema.

Ni kweli. Mimi husoma hadi mwisho. Nitachagua vizuri. Nataka Susu awe ameitumia kabla sijarudi shuleni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesoma siku nzima kwenye simu ya Mama. Sasa ninajua mengi.

Joto la infraredi ni mnururisho. Tulifundishwa shuleni: linasafiri kama joto la jua, halingoji hewa ipate moto kwanza. Kwa hiyo chumba hakihitaji kuwa kama tanuri. Hiyo inamfaa mtu mzee.

Kuna paneli pana na kuna vijiti. Vijiti huwaka sana sehemu moja. Paneli hutandaza joto taratibu mgongoni. Paneli, basi.

Mbao ziwe mbao kweli, si plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi, maana gundi mbaya ikipata joto hutoa harufu na mtu anaivuta akiwa amefungiwa. Na ndani pasipakwe kitu chochote. Mwerezi ni mzuri. Unanukia na hauozi haraka.

Nimefurahi kuliko inavyostahili. Hili ni swali ambalo lina jibu, na jibu linatafutika.

Alhamisi, 7 Agosti

Machakos mjini na Mama. Kuna duka linalouza vifaa vya mazoezi na mabafu ya kisasa, na wana sauna mbili za maonyesho.

Sipendi kuzungumza na wauzaji. Nilikuwa nimejiandalia maswali kichwani, na tulipofika mlangoni yote yakatoroka. Nikafanya lile nililoweza kufanya bila kuongea. Nikaingiza kichwa ndani ya sauna ya kwanza na kunusa pembeni, chini ya benchi.

Muuzaji akasema, "Msichana, unanunua ama unanusa?"

Wateja wakacheka. Nikahisi masikio yanawaka, infraredi yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshanusa. Gundi. Nikanusa ya pili. Mwerezi mtupu.

Ya pili ina mlango wa kioo kutoka juu hadi chini. Kizingiti ni kifupi, Susu ataweza kukivuka bila kuinua goti sana. Ina nafasi ya watu wawili. Benchi haliyumbi. Nililikalia, nikalitikisa.

Mama aliuliza maswali yaliyobaki kwa niaba yangu. Nilimnong'oneza, naye akayasema kwa sauti. Muuzaji akaishia kunitazama mimi kinywani ajue Mama atasema nini. Tulifanya kazi nzuri sisi wawili.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba amerudi kutoka Athi River. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, na huja wikendi. Kikao cha familia kikafanyika jikoni, kwa sababu ndiko kwenye moto.

Baba alitaka sauna ya watu wanne. Alisema wageni watakuja. Anko Kimeu, mdogo wake, ambaye ni mchongaji wa vinyago, alitaka tusinunue chochote. Alisema hilo ni sanduku, na yeye sanduku anaweza kulitengeneza akiwa amefumba macho. Baba akamwambia akifumba macho atatoa twiga, kama kawaida yake. Wakabishana hivyo kwa furaha hadi chai ikapoa.

Kisha Baba akasema, "Mwaitu hajasema."

Niandike hili vizuri. Mimi ni msichana wa kwanza wa Baba, kwa hiyo nina jina la mama yake. Susu ni Mwikali, na mimi ni Mwikali. Kwa hiyo Baba na Anko Kimeu huniita Mwaitu, mama yetu. Nikiwa mdogo niliona ni utani. Si utani kabisa. Nikiita, huitikia haraka kidogo kuliko wanavyowaitikia watoto wengine.

Nikasema. Ya watu wawili, ili mtu aketi na Susu. Mlango wa kioo. Paneli. Mwerezi usiopakwa kitu. Nilisema nikitazama sufuria, lakini nilisema yote.

Baba akasema basi imekwisha, na Anko Kimeu akasema ataiunganisha yeye.

Susu alikuwa pembeni akichambua maharagwe.  Nikachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimpeleka Susu kituo cha afya Kathiani. Shangazi alisisitiza tupate ruhusa kwanza. Daktari alimpima presha, akatazama dawa zake, akasema anaweza, lakini joto liwe la chini, muda uwe mfupi, anywe maji, asiachwe peke yake, na akihisi kizunguzungu atoke mara moja.

Tukirudi Susu aliniuliza daktari alikuwa anasema nini kuhusu kufungiwa. Nikamwambia hakuna kufungiwa, ni kuketi tu. 

Shangazi amelipa. Fundi wa stima amevuta waya mnene hadi ile stoo iliyoshikana na jikoni. Waya wake peke yake, hautashirikiana na kitu kingine. Huyo fundi ni mwenye adabu. Hakuuliza kwa nini.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya.

Pikapu ilikuja. Sauna haiji ikiwa imesimama, huja ikiwa vipande, na vipande viliwekwa ndani ya makasha marefu ya mbao. Wanaume wanne wakashusha kasha la kwanza mabegani, wakatembea nalo polepole kuvuka uwanja, vichwa vimeinama kwa sababu ya uzito.

Jirani yetu Mama Kasyoka aliona kutoka ng'ambo ya ua. Akaja mbio, leso kichwani, ameanza kulia. Akamshika Mama mkono, akauliza, "Asi! Ni nani? Mbona hamkutuambia?"

Mama akamwambia hakuna aliyekufa. Ni mashine ya joto. Mama Kasyoka akapangusa macho, akatazama kasha, akatazama dirisha la jikoni alipokuwa Susu. Kisha akacheka, lakini alikuwa amechelewa. Susu alikuwa ameona yote.

Alitoka hadi mlangoni, ameshika fremu. Wanaume wakasimama na kasha mabegani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwikali hataingia sandukuni akiwa hai."

Akarudi ndani.

Nilisoma kila kitu. Paneli, mbao, kizingiti. Nilisoma hadi mwisho. Na sikumuuliza Susu hata mara moja.

Jumapili, 17 Agosti

Anko Kimeu aliunganisha sauna jana na leo baada ya kanisa. Imesimama vizuri. Ni nzuri, nasema hivyo bila aibu. Chumba chote cha stoo kinanukia mwerezi. Taa ndogo juu, kioo mbele. Ukiketi ndani unaona mlango wa stoo, na kupitia huo uwanja mzima, hadi kwenye migomba.

Susu hapiti upande ule. Anazunguka nyumba yote kwenda bafuni, na magoti yake hivyo yalivyo.

Baba alijaribu kumbembeleza kabla ya kurudi Athi River. Akamwambia ni zawadi ya Ndinda. Susu akajibu kwamba Ndinda ana haraka.

Shangazi amepiga simu mara mbili. Sijapokea. Sijui nimwambie nini.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi kutoka kusaga mahindi na harufu imenipokea getini.

Vanishi.

Nilitupa mfuko wa unga pale pale, nikakimbia stoo. Anko Kimeu alikuwa ndani ya sauna, amepiga magoti, brashi mkononi, anapiga mluzi. Benchi lote. Mahali pa kuegemea. Ukuta hadi usawa wa bega. Vinang'aa kama sofa ya harusi. Alikuwa anangoja vikauke ili apake mara ya pili.

Kwake ni aibu mbao kuachwa tupu. Kila kitu kinachotoka mkononi mwake hupakwa na kusuguliwa hadi uone uso wako. Ananiambia kila mara, mbao bila vanishi ni mtu bila shati. Alikuwa amefikiria sana, naona. Mama yake amekataa kwa sababu kitu kinafanana na jeneza, basi yeye atakifanya kifanane na fanicha. Alitaka iwe siri hadi kikauke.

Hakujua mambo mawili. La kwanza, vanishi ikipashwa joto ndani ya chumba kilichofungwa hutoa mvuke usiofaa kuvutwa, sembuse na mtu wa umri wa Susu. La pili alipaswa kulijua. Barabara yote ya mafundi wa majeneza kule mjini inanukia hivi hivi.

Kutoka jikoni nikamsikia Susu akimwambia Mama, "Sasa kimepakwa. Kinangoja mwenyewe."

Anko alinitazama akitabasamu.  Nikarudi kuokota unga.

Jumanne, 19 Agosti

Nimesema.

Nilipanga maneno tangu alfajiri. Nilipofika stoo, Anko alikuwa na rafiki zake wawili, wachongaji pia, amewaita waone kazi. Wanapapasa benchi. Mmoja anasema hata waziri hana kitu kama hiki. Anko ameshika brashi tayari kwa mara ya pili.

Nilitaka kurudi. Nilirudi, kusema kweli, hadi kwenye tangi la maji. Nikasimama hapo. Kisha nikageuka.

Nikasema, "Anko, isipakwe tena. Na iliyopakwa itoke yote."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Wale wawili wakaacha kupapasa.

"Itoke?" akasema Anko. "Nani amesema itoke?"

"Mwikali."

"Mwikali yupi?"

 Nikasema, "Wote wawili."

Mmoja wa wale rafiki akacheka, akamwambia, "Kimeu, umeitwa na mama yako mara mbili. Utaenda wapi?"

Anko hakucheka. Nikamweleza kuhusu joto na mvuke. Nikamweleza pia Susu alichosema jana, kwamba kinangoja mwenyewe. Hapo uso wake ukabadilika. Akaweka brashi juu ya mkebe, akaondoka kwa mguu kuelekea barabarani. Hakuaga mtu.

Nimemuumiza. Ninajua pia kwamba nilikuwa sawa. Nimebeba yote mawili siku nzima na hayapungui.

Jumatano, 20 Agosti

Anko alikuja kabla ya chai. Ana msasa na vipande vya kioo kilichovunjika, vile anavyotumia kukwangua vinyago. Akanipa kipande kimoja, amekizungushia kitambaa nisijikate. Hakusema pole, nami sikusema. Akasema, "Mwaitu akisema, amesema. Anza na ukuta. Fuata nyuzi za mbao, usikate kinyume."

Tumekwangua siku nzima. Vanishi hutoka kama maganda ya vitunguu. Mikono yangu inauma. Nilifikiria vidole vya Susu, kwamba yeye huamka vikiwa hivi kila siku.

Nimempigia Shangazi. Nimemwambia yote. Alicheka kuhusu Mama Kasyoka hadi akakohoa. Kuhusu sanduku hakucheka. Akasema, "Basi hatukumuuliza." Alisema "hatukumuuliza", si "hukumuuliza". Nampenda Shangazi.

Alhamisi, 21 Agosti

Msasa, mkali kwanza kisha laini. Mbao zimerudi tupu, na laini kuliko zilivyokuja. Harufu ya mwerezi imerudi pia. Tumeiwasha bila mtu ndani, mlango wazi, iteketeze mabaki. Nikanusa chini ya benchi kila mara. Anko akaniuliza, "Msichana, unanunua ama unanusa?" Mama ameshamsimulia. Boma lote linajua.

Jioni haikuwa na harufu tena. Hata chembe.

Susu alipita upande wa stoo mara moja. Alisema anatafuta kuku. Kuku hawakai huko.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo nilimuuliza.

Nilikuwa ninamkanda mikono. Nikamuuliza anaogopa nini hasa. Hakukasirika. Alisema haogopi kufa, alishazoea wazo hilo. Anachokataa ni kuwekwa. Kubebwa, kuingizwa, kufungiwa mlango na watoto wake mwenyewe wakiwa wamesimama nje wanatazama. Mtu hufanyiwa hivyo mara moja, akasema, na siku hiyo hajui.

 Kisha nikamwambia, "Basi mimi nitaingia kwanza, nawe utasimama nje unitazame. Nikitoka utaamua. Ukisema hapana, tutaweka mahindi humo."

"Mwikali hataingia sandukuni."

"Ataingia, Susu. Kisha atatoka."

Alinitazama usoni. Niliona haya lakini sikuinamisha macho.

Nikampelekea kigoda mbele ya kioo. Akakaa akikipa kioo mgongo. Nikaingia na fulana na kaptura ya michezo, taulo, chupa ya maji, na kitabu. Joto la chini. Mama akasimama karibu.

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mgongo ukaanza kupata joto, kama ukiketi ukutani upande wa jua asubuhi. Jasho likaja polepole. Nilisoma kurasa mbili. Nilipoinua macho, kigoda kilikuwa kimegeuzwa. Susu alikuwa ananitazama, mikono magotini. Nikampungia. Hakunipungia. Akasogeza kigoda karibu zaidi, hadi pumzi yake ikaonekana kwenye kioo.

Nikatoka. Akanishika shingo kwa kiganja, kisha akageuza mkono akanigusa kwa upande wa pili, kama anavyopima uji wa mtoto. Akaacha vidole vyake pale, shingoni mwangu, kwenye joto. Aliviacha muda mrefu.

Akamwambia Mama, "Mwikali ameingia, na ametoka."

Kisha akaenda kutafuta kuku wake. Safari hii walikuwepo kweli.

Jumamosi, 23 Agosti

Susu ameingia.

Kwa masharti yake. Hakuna kubebwa, hakuna kushikwa mkono. Mlango usifungwe hadi aseme. Mimi niketi kando yake. Na Anko Kimeu asisimame nje na uso ule wa mazishi. Atafute kazi.

Alivuka kizingiti mwenyewe. Kile kizingiti kifupi. Nilikitazama kwa fahari, nakiri.

Aliketi. Akapapasa benchi. Akasema limesuguliwa na mtu anayejua. Anko, ambaye alikuwa anajifanya anafagia, alisikia. Akaendelea kufagia mahali pale pale.

Mlango alikubali ufungwe, lakini mguu wake mmoja aliuacha katikati, hivyo ukabaki wazi kidogo. Baba akalalamika kutoka uwanjani kwamba joto linatoka na stima inakwenda bure.

"Wacha litoke," Susu akamjibu. "Kuku nao wanasikia baridi."

Tulikaa muda mfupi, kama daktari alivyosema. Alikunywa maji.  Kabla hatujatoka, nilitazama chini. Alikuwa ameondoa mguu mlangoni. Sijui aliuondoa saa ngapi.

Jumapili, 24 Agosti

Ninafunga sanduku langu la bati. Kesho shule. Vitabu chini, sare juu, sabuni kwenye soksi.

Susu alikaa kwenye sauna baada ya kanisa, na Mama kando yake. Sikwenda. Nilimwona kupitia mlango wa stoo nikiwa ninaanua nguo. Alikuwa anatazama migomba.

Alipotoka alipumzika, kisha akaja chumbani kwangu polepole. Akaangalia sanduku la bati, akasema kumbe hata mimi ninalo langu. Akaketi kitandani. Mkononi alikuwa na nyuzi chache za mkonge kutoka kwenye kile kiondo. Akakunja leso, akaziweka juu ya paja, akasokota kwa kiganja. Mara ya kwanza zilifunguka. Akatema mate kidogo kiganjani, akasokota tena.

Ni kamba fupi. Haitoshi hata duara moja la kiondo. Alisema leo inatosha, vidole vimechoka. Akanipa, akaenda.

Nimeifunga kwenye ufunguo wa sanduku.